Kabla ya kununua kadi ya kompyuta, uliza inakula umeme kiasi gani

Kila mwaka ifikapo Desemba, barabara ya kutoka Marangu kupitia Mkuu hadi Tarakea hujaa magari ya watu wanaotoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko. Wachagga wanarudi nyumbani. Katika wiki hizo chache hufungwa ndoa nyingi, watoto hubatizwa, hufanyika kumbukumbu za wazee waliotangulia, na karibu kila sherehe inataka picha na video yake. Kwa kijana mwenye studio Tarakea, Useri au Mkuu, Desemba ndiyo mavuno. Anachokipata mwezi huo ndicho kinachombeba hadi Pasaka.

Ndiyo maana suala la kadi ya grafiki ya kompyuta, ambalo zamani lilikuwa la watoto wa mjini wanaocheza gemu, sasa limefika kwenye vikao vya VICOBA na kwenye meza za SACCOS. Kijana anakuja na ombi la mkopo na kusema kompyuta yake ni nzito, video ya harusi moja inamchukua siku nzima, na dawa yake ni kadi. Mzazi naye anaombwa auze ndama au atoe fedha ya kahawa. Wajumbe wa kamati ya mikopo hutazamana. Wanajua bei ya mbolea, wanajua bei ya pikipiki, lakini kadi hii hawajui hata inakaa upande gani wa kompyuta.

Kwa kifupi, kadi ya grafiki ni kibao chenye feni kinachochomekwa ndani ya kompyuta ya mezani. Kazi yake ni kupiga kwa haraka mahesabu yote ya picha ili kichwa kikuu cha kompyuta kipumue. Anayeandika barua na kutoa fotokopi haihitaji kabisa, na tunaomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu wapo wenye maduka ya vifaa vya ofisi waliokwisha kushawishiwa kununua kitu ambacho hakitawaongezea hata shilingi. Anayehariri video, anayechora ramani za nyumba au mwenye ukumbi wa gemu ndiye anayeihitaji.

Tumechagua kuzungumzia kadi mbili, kwa sababu ndizo zinazofaa mfuko wa mfanyabiashara mdogo anayenunua kilichotumika, iwe Kariakoo au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi. Ya kwanza ni Radeon RX 570 ya kampuni ya AMD, iliyotoka Aprili 2017 kwa dola 169 za Marekani. Ya pili ni GeForce GTX 1650 ya kampuni ya Nvidia, iliyotoka Aprili 2019 kwa dola 149. Zote mbili zilitoka na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Zimepitwa na wakati huko Ulaya na Marekani, lakini kwa kazi ya harusi bado zina nguvu ya kutosha.

Ukisoma karatasi za viwandani, RX 570 inaiacha mwenzake mbali. Inaweza kufanya mahesabu trilioni 5.1 kwa sekunde, wakati GTX 1650 inafanya kama trilioni 3. Inapitisha gigabaiti 224 za data kwa sekunde, mwenzake 128. Hapo ndipo muuzaji anapoishia na mnunuzi anapotoa fedha. Lakini kadi hizo mbili zilipopimwa mwaka 2019 kwa gemu zilizokuwa zikichezwa wakati huo, RX 570 ilitangulia kwa asilimia 10 hivi, gemu hii zaidi, ile pungufu. Asilimia 70 za kwenye karatasi ziligeuka kuwa kumi mezani. Mkulima aliyewahi kununua mbegu kwa kuangalia picha iliyo kwenye pakiti anaelewa tunachosema.

Sasa tazama upande wa pili. RX 570 imeandikwa wati 150. GTX 1650 imeandikwa wati 75, yaani nusu kamili. Mfugaji wa Rombo anayefuga ndani ya banda anaujua mtego huu kuliko mtaalamu yeyote wa kompyuta. Ng'ombe wawili, mmoja anatoa lita 11 na mwingine lita 10, lakini yule wa lita 11 anakula mizigo miwili ya majani badala ya mmoja. Mama anayepanda na mzigo huo kichwani kutoka tambarare hatauliza nani ana maziwa mengi. Atauliza majani yanatoka wapi.

Hilo ndilo swali letu pia. Wati 75 za ziada zina bei tofauti kabisa kutegemea zinatoka wapi, na Tarakea umeme unatoka sehemu tatu: TANESCO, jenereta na betri.

Tuanze na TANESCO. Kwa viwango vilivyopitishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa biashara wa kundi la T1 alipangiwa shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, unapata kama shilingi 356. Tuseme studio inaifanyisha kadi kazi kwa nguvu zote saa sita kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Tofauti ya wati 75 inafikia uniti 11.7 kwa mwezi, sawa na shilingi 4,165. Kwa mwaka mzima ni kama shilingi 50,000. Na hiyo ni hesabu ya studio inayofanya kazi mwaka mzima kama iko Kariakoo. Studio nyingi za kwetu haziko hivyo. Zina miezi miwili au mitatu ya kazi nzito, na iliyobaki ni picha za pasipoti.

Kwa hiyo tuseme ukweli, hata kama unaharibu hoja ya wale wanaohubiri wati peke yake. Kwa mtu ambaye umeme wa TANESCO haumkatikii, tofauti ya bili si kubwa kiasi cha kukataa kadi moja na kuchukua nyingine. Akiipata RX 570 kwa bei nafuu zaidi, na kompyuta yake inaimudu, bili pekee haitamfilisi.

Jenereta nayo ina hesabu yake ya ajabu kidogo. Uniti moja inayotoka kwenye jenereta ndogo ya petroli inagharimu mara kadhaa ya uniti ya TANESCO, hilo kila mwenye saluni analijua. Lakini jenereta ikishawashwa, sehemu kubwa ya mafuta inaishia kuizungusha mashine yenyewe. Ukiibebesha wati 165 au wati 240, petroli haipungui wala kuongezeka kwa uwiano huo. Mwenye jenereta ana sababu nzuri ya kuitumia kwa muda mfupi kadiri awezavyo. Sababu ya kubagua kadi kwa ajili ya jenereta peke yake ni ndogo.

Betri ndiyo inayoamua.

Chukua betri moja ya gari au ya sola ya volti 12 na ampea 100, ile ambayo wengi wanayo. Kwenye karatasi ina wati 1,200 za saa moja. Lakini betri ya maji ya asidi usipende kuikausha zaidi ya nusu, la sivyo itakufa ndani ya mwaka. Zinabaki 600. Inveta nayo inakula sehemu yake katika kubadilisha umeme. Unabaki na kama 500 za kufanyia kazi. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake, bila kadi, tuseme inatumia wati 90. Ukiweka GTX 1650 unafika 165, na betri inakupa saa tatu. Ukiweka RX 570 unafika 240, na betri inakupa saa mbili na dakika chache. Kwa kweli hata hizo dakika chache usizihesabu, kwa sababu betri za aina hii zikivutwa kwa nguvu hutoa kidogo kuliko zikivutwa taratibu.

Sasa weka kwenye mizani hiyo harusi ya Jumamosi ambayo video yake inatakiwa Jumatatu kabla bwana harusi hajarudi Dar es Salaam. Kutoa video iliyokamilika kunachukua saa mbili na nusu. Umeme umekatika saa nne usiku. Studio moja inamaliza. Nyingine inazimika ikiwa imebakiza robo, na kazi ya kutoa video ikikatika katikati kwa kawaida huanza upya mwanzo. Hapa tofauti ya wati 75 haipimwi tena kwa shilingi 4,165 kwa mwezi. Inapimwa kwa mteja aliyeondoka bila video na hatarudi, na wajomba zake ambao nao hawatakuja.

Wapo watakaosema umeme sasa umetengemaa. Ni kweli kwamba hali imebadilika tangu mgawo wa mwaka 2023, hasa baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuanza kuzalisha mwaka 2024. Lakini bwawa hilo liko Rufiji na sisi tuko nyuma ya Kilimanjaro. Mwezi Machi 2025, akiwa katika mkoa huu, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na sababu mojawapo ilikuwa umeme unaopotea njiani ukisafirishwa kutoka kusini. Umeme mwingi nchini na umeme usiokatika Tarakea ni mambo mawili, na nguzo ikiangushwa na mti haiulizi bwawa lina megawati ngapi.

Turudi kwenye kasi, kwa sababu muuzaji mwerevu atakujibu hivi: kadi inayokula zaidi inamaliza mapema, kwa hiyo mwisho wa kazi umeme ni ule ule. Hoja hiyo si ya kijinga na inastahili hesabu. Kazi inayochukua saa mbili kwenye kompyuta yenye GTX 1650 inatumia wati 165 mara mbili, yaani 330. Ili RX 570 isitumie zaidi ya hapo, ikiwa inavuta 240, lazima imalize kwa saa moja na dakika 22. Yaani iokoe karibu theluthi ya muda. Ikiokoa asilimia 10 tu, inatumia 432 kwa kazi ile ile.

Na katika video hata hiyo asilimia 10 haina uhakika. Hatua ya mwisho ya kubana video ili iingie kwenye flashi au simu haifanywi na ile sehemu kubwa ya kadi yenye trilioni zake. Inafanywa na kifaa kidogo maalumu kilicho ndani ya kadi, na hapo Nvidia imekuwa na sifa nzuri kwa miaka mingi. Pia programu nyingi za kuhariri ziliandikwa kwanza kwa kufikiria kadi za Nvidia. Mwenye ukumbi wa gemu ana sababu ya kuipenda RX 570. Mwenye studio ya harusi hana sababu kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo halimo katika hesabu zote hizi na ambalo huenda linawagharimu watu zaidi ya umeme. Kompyuta nyingi za mezani zilizoko kwetu ni zile zilizokwisha kutumika katika maofisi ya nje, za Dell, HP na kadhalika. Ni imara na bei yake ni nzuri. Lakini sanduku lake la umeme, lile mafundi wanaloliita pawa saplai, mara nyingi ni la wati 240 hadi 300 na halina waya wa ziada wa kulishia kadi. GTX 1650 ya kawaida inapata umeme wake wote kupitia tundu inapochomekwa, kwa sababu tundu hilo linaruhusu hadi wati 75. RX 570 inahitaji waya wake peke yake, wenye pini nane, na inashauriwa iwe na pawa saplai ya wati 450. Na katika nyingi ya kompyuta hizo za ofisi huwezi kuweka pawa saplai yoyote uliyoikuta dukani, kwa kuwa kampuni zilitumia plagi za aina yao. Fundi ataunganisha waya kwa waya, na tumesikia harufu ya matokeo yake. (Wengine huagiza GTX 1650 bila kujua kwamba baadhi ya watengenezaji waliiongezea nao tundu la waya. Angalia ubavuni mwa kadi kabla ya kulipa. Angalia pia urefu na unene wake, maana makasha ya ofisi mengine ni membamba na hayaimezi.)

Ndipo ile kadi "ya bei nafuu" inapofuatwa na pawa saplai, halafu kasha, halafu fundi. Mchumi huiita gharama iliyofichika, lakini mkulima aliyenunua pampu ya bei poa akagundua inahitaji bomba la kipimo ambacho hakipo Moshi nzima hahitaji jina la kitaalamu.

Na hiyo bei nafuu ya RX 570 ina historia. Kati ya mwaka 2017 na 2022 kadi za aina hii zilinunuliwa kwa maelfu duniani ili kuchimba sarafu za kidijitali, hasa Ethereum. Ziliwekwa kwenye maghala na kufanyishwa kazi usiku na mchana bila kupumzika. Mwishoni mwa mwaka 2020 zile za gigabaiti 4 hazikuweza tena kuchimba Ethereum kwa sababu faili lililohitajika lilizidi kumbukumbu yake. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadili mfumo wake na uchimbaji wa kadi ukakoma kabisa. Mzigo wote huo ulikwenda wapi? Sehemu yake iliingia kwenye soko la vitu vilivyotumika, ambalo sisi ni wateja wake waaminifu. Si kila kadi iliyochimba ni mbovu, lakini feni huwa zimechoka, na wengine walibadilisha programu ya ndani ya kadi ili ichimbe vizuri, jambo linaloweza kuifanya izime ghafla katika kazi nyingine. Isitoshe, mwaka 2023 AMD ilianza kuipa RX 570 na wenzake wa kizazi kile marekebisho ya muhimu tu, wakati kizazi cha GTX 1650 kiliendelea kutolewa programu za kawaida.

Maoni yetu basi ni haya. Kwa studio ya Tarakea yenye kompyuta ya ofisi iliyotumika na betri ya akiba, GTX 1650 ndiyo ya kununua, hata kama bei yake dukani iko juu kidogo. Kwa mwenye ukumbi wa gemu uliounganishwa na laini nzuri na mwenye kompyuta yenye pawa saplai kubwa, RX 570 iliyopimwa vizuri si kosa.

Kwa kamati za mikopo tuna ombi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, inawahusu vijana hawa hawa: asilimia 4 ni yao, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu. Fomu zinauliza bei ya kifaa. Ziulize pia wati zake, saa ambazo kitafanya kazi kwa siku na umeme utakapotoka pale TANESCO inapokatika. Swali hilo hilo liulizwe kwa mashine ya kukata majani, jokofu la maziwa na mashine ya kutotolesha vifaranga. Mjumbe ambaye hajawahi kugusa kompyuta anaweza kulijadili vizuri kabisa akishapewa namba hizo tatu.

Na asiyeamini namba za kiwandani apime mwenyewe, maana zile wati 150 na 75 ni kikomo na kazi nyingi za video hazikifikii. Kwenye mita ya umeme kuna taa ndogo inayomweka. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, basi kila mmweko 1,000 ni uniti moja. Zima kila kitu dukani isipokuwa kompyuta, anza kutoa video, kisha hesabu mimweko kwa dakika kumi. Ukipata 27 au 28 unatumia kama wati 165. Ukipata 40 umefika 240. Mwambie muuzaji unataka kufanya jaribio hilo na kuiacha kadi ifanye kazi walau nusu saa mfululizo kabla hujaondoka, na risiti iandike aina ya kadi na muda wa kuirudisha. Kwa anayenunua ng'ambo ya mpaka, risiti hiyo hiyo ndiyo atakayoulizwa forodhani.

Jaribio hili lifanyike Septemba au Oktoba, wakati kazi ni chache na muda wa kuirudisha kadi bado upo. Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, utakayokuwa nayo ndiyo utakayofanyia kazi.